Mpiga Ngoma Aliyekwenda Dilolo

Jumamosi saa kumi jioni Falonne alikuwa amepiga magoti katika ukumbi wa Tata Samy, mtaani Dilala, akibandika waya wa gitaa lake la besi kwenye saruji mpya. Saruji hiyo ilimwagwa wakati wa mvua, mahali palipokuwa na shimo la kobalti. Watu wa mtaa ule huchimba chini ya sebule zao, na Tata Samy alichimbisha chini ya ukumbi wake. Vijana wanne waliokuwa wakishuka humo hawakuonekana tena. Tata Samy alisema wamekwenda Dilolo kufanya biashara mpakani, na kwa kuwa aliyasema hayo akiwa amevaa suti, mambo yakaishia hapo.

Mmoja wao alikuwa Gracien, kaka yake Falonne, mpiga ngoma wa kundi lao, Batoto ba Transfo. Alishuka shimoni kutafuta pesa za matoazi mapya. Mama yao, Agnès, hakujua kama amlilie au amsubiri, kwa hiyo kila jioni alimpikia na kila asubuhi alimkasirikia. Falonne alitaka jambo moja tu: Tata Samy aseme ukweli, kilio kiwekwe, mama apumzike.

Onyesho lilianza kwa raha zake. Wasichana watatu waliovaa kanzu za kwaya waliimba kuhusu friji, mmoja akipiga beseni la maji. Kisha ndugu wawili wa mtaa wa Manika wakapiga kelele kuhusu taxi-moto, zile pikipiki za abiria, mpaka spika ikatoa moshi. Watu wakaomba warudie, pamoja na moshi.

Batoto ba Transfo walipanda jukwaani bila mpiga ngoma. Jémima, mwimbaji wao, aliwaomba watu wapige makofi, nao wakayapiga ovyo kabisa. Falonne alianza kwa kasi, ndiyo tabia yake. Ndipo ngoma zikaingia kutoka chini ya saruji, polepole, zikimrudisha nyuma. Falonne aliujua mkono ule. Tangu utoto Gracien alikuwa akimgombeza kwa kukimbiza wimbo.

Kwenye kiitikio ukumbi uling'oka kwenye msingi wake, sakafu na kuta na bati na watu wote ndani, ukasimama hewani kimo cha meza. Waliochelewa walivutwa mikono wakapanda. Muuza karanga aliyebaki nje alinung'unika kidogo, akaanza kurusha vifuko vyake dirishani, na watu wakavidaka huku wanacheza.

Falonne alikwenda hadi kizingitini akiburura waya, akachuchumaa bila kuacha kupiga. Chini, vijana wanne walikuwa wameketi ukingoni mwa shimo, tochi zao za kichwani zikiwaka, nywele zimejaa vumbi. Gracien alikuwa akipiga bidoni, dumu tupu la plastiki, kwa fito mbili.

“Yaya, panda,” Falonne alimwita kaka yake.

“Siwezi. Mi nilikufa tangu ile mvua kubwa. Udongo ilituangukia.”

“Mama eko anakungoya.”

“Umuambie alie, apumuzike. Na we usikimbie. Wimbo ikiisha, nyumba itashuka.”

Falonne alilia, na besi ikaenda vizuri kuliko siku zote. Alikuwa na furaha mpaka akaona aibu. Akamwita Tata Samy.

Tata Samy alikuja, akashika tai yake isimning'inie, akainama. Vijana walimsalimu kwa heshima, maana walilelewa vizuri, naye akaitikia. Ukumbi mzima ulikuwa ukitazama, pamoja na karani wa komini, mtu wa serikali, ambaye kiuno chake hakikuwa kimeacha kucheza tangu wimbo wa friji.

“Tata, museme sasa,” Falonne alisema.

Tata Samy aliwatazama mmoja mmoja.

“Hawa balienda Dilolo,” alisema. “Mi mwenyewe nilibasindikiza.”

Karani alisema kama Tata amesema hivyo, basi ni hivyo, kisha akamwomba Jémima arudie kiitikio. Wakarudia mpaka jenereta ikaisha mafuta. Ukumbi ulishuka taratibu, ukakaa sawasawa juu ya msingi wake, isipokuwa dirisha moja ambalo tangu hapo halifungiki. Tata Samy alizipongeza bendi zote, akazipa ukumbi kila Jumamosi, ila wasiikwaruze saruji yake.

Falonne alipofika nyumbani alimweleza mama yake yote. Mama Agnès alisikiliza hadi mwisho, akafunika sufuria. Kesho yake alikwenda kuomba saruji ivunjwe. Tata Samy alimpa kiti, akampa Fanta, akamwambia kwamba mtu aliye Dilolo haliliwi. Kilio hakikuwekwa.

Jumamosi iliyofuata watu walijaa mapema. Tata Samy mwenyewe alikuwa mlangoni akiwapokea kwa bashasha, na karani alikuja na mkewe. Mama Agnès alifika na sahani iliyofunikwa kitambaa, akaketi kizingitini, miguu nje, mahali ambapo ukumbi ukipaa mkono wa mtu aliye chini ungeweza kufika. Jémima alikuwa akiwafundisha watu kupiga makofi kwa mpangilio, na safari hii walijitahidi.

Falonne aliweka vidole kwenye nyuzi.

“Leo usikimbie,” mama yake alimwambia. “Gracien anakulaka chakula polepole.”