Dirisha la Kaskazini la Bi Harriott

Bi Harriott Desmoulin, jirani yetu, anasema aliona kwa macho yake. Anasema ilikuwa Jumanne asubuhi, kengele ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli haijagonga saa mbili, na shangazi yangu Rhina alitoka barazani kwa Bi Emmeline, bibi anayempikia, na kitu amekificha chini ya aproni. Akafika kwenye mkamelia wa tatu, katika ile miti ya maua ya uani, akasimama, akatazama kulia, akatazama kushoto. Aproni ikainuka kidogo, jua likapiga ncha ya upawa wa fedha, ule mkubwa wa kupakulia wali, wenye alama ya ukoo wa Cordray kwenye mpini. Halafu shangazi akavuka ua akaingia jikoni, na upawa haukuonekana tena.

Anaisimulia vizuri. Mimi nimeisikia mara tatu, na kila mara mkamelia ni uleule wa tatu. Ilipofika Jumatano mchana Mtaa wa Pinner wote ulikuwa umeshaimeza, wenye nyumba na wapishi wao.

Upawa ulikuwa umepotea kweli. Hapa Charleston, huku Kusini mwa Marekani, nyumba ya zamani inaweza kukosa rangi na kuvuja paa, watu wakaiita bado nyumba ya heshima, lakini haiwezi kukosa upawa wa wali mezani. Na Jumamosi ile ndiyo siku ambayo nyumba za mtaa zilikuwa zifunguliwe kwa wageni wa majimbo ya Kaskazini, waje waone samani na maua, wasikie nani aliishi wapi. Meza ya Bi Emmeline Cordray ingetandikwa kila kitu, na katikati pengo.

Bi Emmeline hakupiga kelele, si mtu wa kelele. Alikuja mpaka mlangoni pa jikoni, jambo ambalo halifanyi mara nyingi, akasema:

"Rhina, nakupa mpaka Ijumaa jioni. Upawa ukirudi mahali pake sitauliza neno. Usiporudi, utaviacha vyumba vya juu. Kuna bwana mmoja mchoraji, wa New York, ameshaviulizia mara mbili."

"Bi Emmeline," shangazi akasema, "umeangalia kwenye maficho yako?"

"Mwaka huu sijaficha kitu," akajibu, akageuka.

Vyumba vya juu ni viwili, juu ya jiko, nyuma ya nyumba kubwa. Shangazi alizaliwa mle. Mama yake, Binah, alizaliwa mle pia, enzi za utumwa, hakuwa na ruhusa ya kwenda kwingine. Na Hagar aliyemzaa Binah alifanya kazi ya matofali kando ya mto akiwa bado mtoto, kuyageuza yakauke. Kwenye ukuta wa jiko, karibu na mahali pa moto, kuna tofali lenye alama za vidole vitatu vidogo. Sisi tunasema ni vya Hagar. Hakuna anayejua kwa hakika, lakini shangazi hushika pale kila anapoinama kuchochea moto, na tofali limekuwa laini kama sabuni. Mimi nililetwa nilipomaliza darasa la sita, nije nimsaidie, na sijalala kwingine tangu hapo.

Jumatano ile tulikaa kizingitini tukimenya kamba.

"Alikuona kweli, shangazi?"

"Aliniona. Kwani nilijificha? Nilikuwa na upawa, naupeleka kuusugua kwa majivu, kama kila Jumanne tangu wewe hujawa hata wazo."

"Na ule mkamelia?"

"Goti, mwanangu. Goti langu husimama pale kila siku ya Mungu. Angeliuliza goti."

"Ukaurudisha?"

"Nikaurudisha kwenye droo, Emmeline amekaa palepale na kahawa yake. Akaniambia asante bila kuinua macho kwenye gazeti. Ndiye shahidi wangu huyo, na hakumbuki." Akarusha ganda kwenye ndoo. "Nimemlea yule. Nimemfundisha kufunga vifungo."

Nikamenya kamba wawili watatu.

"Shangazi, Bi Harriott alikuwa amesimama wapi?"

Mikono yake ikasimama.

"We mtoto."

"Nauliza tu."

"Niulize mimi. Usije ukamwuliza mtu mwingine, kama hicho kichwa bado unakitaka."

Alijua ninachokisema. Nyumba za mtaa wetu hazitazami barabara, zimeipa bega. Kila moja ina baraza lake upande wa kusini, na mgongo wake, yaani upande wa kaskazini, unaangukia bustani na baraza la jirani. Basi dirisha la kaskazini halifunguliwi kwa kutazama. Mbao zake hufungwa, na mtu akipita ngazini hutazama miguu yake. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Lakini kwa watu hawa mtu atasamehewa ulevi, atasamehewa hata kuwa na mjomba mwenye wake wawili katika miji miwili, dirisha la kaskazini hasamehewi. Bi Harriott mwenyewe aliacha kuwasalimu akina Pettibone miaka minane, kwa sababu binti yao alichungulia siku moja yeye akianika nywele barazani kwake.

Na ukuta wetu wa barabarani ni mrefu kuliko mtu juu ya farasi. Mlango wa baraza, unaotokea barabarani, ukiwa wazi, maana yake Bi Emmeline anapokea wageni, na yeye hampokei hata askofu kabla ya saa tano. Jumanne saa mbili kasoro ulikuwa umefungwa. Mkamelia wa tatu, saa ile, ulionekana kutoka mahali pamoja tu duniani: dirisha la ngazini la Bi Harriott.

Nilikuwa nimeshaliona dirisha hilo. Tangu mwezi wa pili, asumini iliyokuwa imetambaa juu ya mbao zake ilikatwa, mkato safi wa mkasi, na ubao mmoja, wa tatu kutoka chini, ulilala na kuacha mwanya wakati wenzake wamesimama. Sikumwambia mtu. Nina tabia ya kuona kitu nikakiweka, mpaka siku yake ya kazi.

Ijumaa saa kumi alasiri Bi Harriott alikuja kunywa chai. Alikuja kuona mwisho. Alivaa glavu na kofia yenye ndege, akakaa kwenye kiti cha bembea barazani, mgongo wake kwa nyumba yake mwenyewe. Shangazi alikuwa jikoni anafunga vyombo vyake ndani ya shuka, polepole, kila sufuria na mfuniko wake. Mimi nilibeba chai na biskuti za ufuta.

"Haujarudi?" Bi Harriott akauliza.

"Haujarudi," akasema Bi Emmeline. Alikuwa na macho mekundu.

"Pole, binamu. Unawapa paa na chakula, na bado. Kama nisingeona mwenyewe ningemtetea. Lakini ule mkamelia wa tatu, Emmeline! Akatazama kulia, akatazama kushoto..."

Nikamimina chai yake. Nilikuwa nimeshasema maneno yangu, kujizoeza, kwa ndoo ya kamba, kwa paka, na kwa mto wa kulalia.

"Samahani, Bi Harriott," nikasema. "Kesho asubuhi nije nikufungie dirisha lako la ngazini?"

"Dirisha gani?"

"La kaskazini, bibi. Kuna ubao mmoja umelala, nadhani ni upepo. Na ile asumini iliyoziba imekatika. Nawaza tu, wageni wa Kaskazini watakaa hapa barazani kesho, hawajui desturi zetu. Wakitazama juu watadhani kuna mtu huchungulia."

Bi Harriott akaweka kikombe chini. "Dirisha lile halijafunguliwa tangu lile tetemeko la ardhi la zamani."

"Ndivyo nilivyofikiri, bibi. Ndiyo maana nikasema upepo."

Bi Emmeline alikuwa amegeuza kichwa. Alitazama juu, na mimi nikamwona anahesabu mbao. Ni jambo gumu kwa mtu kama yeye kutazama kule hata kutokea chini, masikio yalimwiva.

"Harriott," akasema kwa sauti ndogo, "Jumanne ulimwona Rhina kutokea wapi?"

"Kutokea... Emmeline, nilikuwa napita tu."

"Ukipita wapi? Mlango wangu ulikuwa umefungwa."

"Basi labda aliona mpishi wangu, akaniambia."

"Mpishi wako yuko Edisto tangu Jumapili, kamzika kaka yake. Nilimpa keki apeleke."

Kiti cha bembea kikasimama. Nikashika trei, nikatazama zile biskuti za ufuta. Bi Harriott alivaa glavu moja, akaivua, akaivaa tena.

"Kwa umri wangu," akasema, "mtu huota asubuhi. Pengine niliota."

"Pengine," akasema Bi Emmeline. "Nikuitie mtu akusindikize?"

"Ni hatua kumi, mpenzi."

"Najua."

Alipotoka, Bi Emmeline mwenyewe aliufunga mlango wa baraza nyuma yake. Ilikuwa bado mapema sana kufunga. Akabaki ameshika komeo.

"Arnetta. Pipa la unga umeliangalia?"

"Ndiyo, Bi Emmeline. Na kinanda, na chini ya magodoro."

Kila majira ya kuchipua, kabla wageni hawajaja, Bi Emmeline huficha vyombo vya fedha. Bibi yake alificha zamani wale askari wa Kaskazini walipokaribia mji, akamfundisha mama yake, na mama yake akamfundisha yeye. Vita viliisha miaka sabini iliyopita. Lakini akisikia watu wa Kaskazini wanakuja, hata wakija na tiketi na kofia za majani, mikono yake huficha bila kumwuliza. Kisha husahau. Mwaka jana tulikula uji wiki mbili kwa vijiko vya mbao.

Alipanda ngazi. Nilisikia droo, nikasikia kabati. Aliposhuka alikuwa amebeba soksi ndefu ya kiume, nzito, na mpini wa fedha umetokeza.

Hakunipa mimi. Alivuka ua mwenyewe. Alipofika kwenye mkamelia wa tatu akasimama, sijui kwa nini, goti lake ni zima. Kisha akaingia jikoni, nami nyuma yake.

Shangazi alikuwa ameketi juu ya furushi lake.

"Rhina. Ulikuwa ndani ya buti la baba."

"La kushoto?"

"La kulia."

"Mwaka juzi lilikuwa la kushoto," shangazi akasema.

Bi Emmeline akacheka, kicheko kikakatika katikati. Akauweka upawa mezani. "Nimekukosea. Nimekukosea sana. Fungua hilo furushi, tafadhali. Yule mchoraji nitamwambia hakuna nafasi. Na kama kuna kitu unataka, sema. Sema chochote."

Nilidhani shangazi atasema hapana, Bi Emmeline, nashukuru, kama ninavyomsikia akisema siku zote. Aliinuka. Goti likalia.

"Kile kikaratasi cha wageni wa kesho," akasema, "nimemwambia Arnetta anisomee. Kinaeleza walioishi nyumba hii. Majina tisa, yote Cordray, na la tisa ni lako. Mama yangu aliishi hapa miaka sitini na nne. Bibi yangu yumo ukutani, pale." Hakuonyesha kwa kidole, alionyesha kwa kidevu. "Sikatai majina yenu. Lakini Jumatano ulinipa siku mbili, Bi Emmeline. Siku mbili, kwa maneno ya dirishani. Safari nyingine atasema mwingine, na buti litakuwa jingine, na mimi nitakuwa mzee zaidi."

"Haitatokea tena, Rhina. Nakupa neno langu."

"Neno ninalo. Nataka karatasi." Akanigeukia. "Mwanangu, lete kalamu. Wewe una mwandiko mzuri."

Nilileta kalamu, wino na karatasi ya kufungia mikate, ndiyo iliyokuwepo. Shangazi akasema, nami nikaandika, taratibu, kila herufi mahali pake: kwamba jiko hili na vyumba viwili vilivyo juu yake ni makazi ya Rhina Gethers, binti wa Binah, mjukuu wa Hagar, mpaka siku atakapokufa, na hakuna Cordray wala mrithi wa Cordray atakayemtoa. Nikaipuliza ikauka. Nikaigeuza upande wa Bi Emmeline, nikaweka kalamu juu yake.

"Tia sahihi tu," shangazi akasema. "Ndicho ninachoomba."

Bi Emmeline aliisoma mpaka mwisho, akarudi juu akaisoma tena. Mkono mmoja ulikuwa bado umeshika mpini wa upawa, kalamu hajaigusa. Nje, kengele ya Mtakatifu Mikaeli ikaanza kugonga saa kumi na moja, na sisi watatu tukaisikiliza yote, shangazi akiwa amesimama, vidole vyake vitatu vimekaa kwenye lile tofali.