Mapigo Yasiyohesabiwa

Habari hii aliitoa kwanza shangazi mwenyewe, muuguzi mstaafu, mwaka wa pili tangu avue sare, na aliitoa kama ilivyompitia kichwani, bila kuipanga… kwamba mwaka wa kuzaliwa ameshautaja, uzito ameshautaja kwa kupunguza kilo mbili, na sasa hiyo saa ya mazoezi, nyeusi, nene kama kifuniko cha chupa, inataka mapigo ya moyo wake akiwa ametulia, na binti wa kaka yake, kocha wa wakimbiaji, aliyemletea saa hiyo asubuhi ikiwa bado ndani ya boksi, amekaa upande wa pili wa meza ya chakula na simu mkononi, anamsomea maelekezo, kanda za mapigo ni tano, ya kwanza ni kutembea polepole, ya pili ni kutembea huku unaweza kupiga umbea, ya tatu umbea unaanza kukatika, na ya nne na ya tano, Shangazi, hizo hazikuhusu, daktari amesema moyo wako usifike huko, saa itapiga kelele ukizigusa, ndiyo maana nataka namba ya kweli, tukiweka ya uongo kanda zote zitakaa upande… namba ya kweli, amesema hivyo huku akifuta kioo cha simu kwa ukosi wa fulana, hana alijualo, mtoto wa watu, na kwenye kioo cha saa namba inasema themanini na nane, kisha tisini na moja, na kocha anacheka, anasema huo si moyo uliotulia, huo ni moyo wa mtu aliyekimbizwa na mbwa, unawaza nini Shangazi, na shangazi anajibu, nawaza sufuria niliyoiacha jikoni, na jikoni hakuna sufuria. Basi hesabu mwenyewe, anasema kocha, hii saa mkononi inaweza kudanganya lakini wewe huwezi, kazi yako hii, miaka thelathini na sita, shika hapo dakika nzima, si ile yenu ya robo dakika mara nne… na hapo vidole viwili vimeshakwenda vyenyewe chini ya kidole gumba, vinajua njia, na namba nayo imeshafika ulimini kabla hata pigo la kwanza halijasikika, sabini na sita, imekaa pale tayari kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu, sabini na sita, kwa sababu robo dakika mara nne siku zote hutoa namba inayogawanyika kwa nne, sabini na mbili, sabini na sita, themanini, wanafunzi wavivu waliobuni sabini na saba matroni aliwakamata siku hiyo hiyo, aliwauliza hiyo moja mmeiokota wapi, lakini yeye hakukamatwa hata siku moja, uongo wake ulikuwa na adabu, uligawanyika kwa nne… moja, mbili, tatu, hebu hesabu, mwanamke, tano, au ni sita… wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda thelathini na nane siku ile na wagonjwa wawili chini kwenye magodoro, wauguzi wawili tu, mmoja amekwenda kufuata damu, na saa sita mchana chati zote zilitakiwa zijazwe kabla daktari hajapita, na yeye akafanya walivyofanya wote, lakini walivyofanya wote haikusaidii unapokumbuka, alikaa kwenye dawati, akavuta chati zote arobaini zikawa rundo mbele yake, akajaza kwa kalamu ya bluu, huyu sabini na mbili, huyu themanini, yule babu wa mlangoni themanini na nne kwa heshima ya uzee wake, na kitanda cha tisa sabini na sita, na kitanda cha tisa alikuwa kaka yake, aliyemfuata kuzaliwa, tumbo moja, ziwa moja. Hakumsahau, laiti angekuwa amemsahau. Alipita kwake kabla ya kukaa, na kaka akautoa mkono nje ya shuka, akasema dada, hebu nishike hapa, kama kuna mtu anagonga mlango halafu anakimbia, na yeye akasema acha uoga, mwanamume mzima, nakuja, na kaka akacheka, akamwambia mgonjwa wa kitanda cha kumi, mnamwona huyu, hata utotoni nilikuwa nikilia ananiambia nipange foleni, na kitanda cha kumi akacheka, naye akacheka, akaenda dawatini akicheka, ule mkono ukabaki nje ya shuka… ishirini na ngapi sasa, ishirini na mbili, Mungu wangu. Daktari akapita saa tisa, akaisoma chati miguuni pa kitanda, sabini na sita, akasema huyu anaendelea vizuri, kaka alikuwa amelala, hakuamshwa, wakasogea kitanda cha kumi, na saa kumi na moja kaka hakuwepo tena. Labda angekufa tu. Amejiambia labda hiyo mara nyingi mpaka imechakaa, labda moyo ulikuwa umeshaamua, labda angehesabu na angepata sabini na sita kweli, lakini labda si kitu cha kuandika kwenye chati, na yeye hakuandika labda, aliandika namba, akaweka sahihi. Na makaburini wifi yake, mama wa huyu mtoto, akamshika bega mbele ya watu, akamwambia binti yake mwenye miaka kumi na moja, na riboni ya shule bado kichwani, usilie sana, shangazi yako alikuwa amemshika mkono baba yako mpaka dakika ya mwisho, na watu wakaitikia kwa vichwa, na yeye aliyekuwa na mdomo akanyamaza, akaona ni huruma kunyamaza, kumbe ilikuwa ni kujificha, na tangu siku ile hadithi ya ule mkono imezunguka kwenye ukoo, imesimuliwa harusini, imesimuliwa kwa wachumba waliokuja kujitambulisha, na yeye, ambaye ndiye anayeulizwa nani alizaliwa lini na nani alizikwa wapi, ambaye huwasahihisha watu wazima kwa tofauti ya siku mbili, kila ikifika hapo huinuka kuondoa vikombe… Umefika ngapi, anauliza kocha, kisha anasema, macho yakiwa kwenye simu, sauti ya kawaida kabisa, unajua mimi hii kazi niliipenda kwa ajili yako, Shangazi, nikiwaza vile ulivyokaa unamhesabia baba mapigo hadi yakaisha, kila nikimshika mwanariadha mkono nakukumbuka… na sabini na sita iko palepale ulimini, ni kuifungulia mdomo tu, kanda zingekaa, chai ingekuja, mtoto angekwenda kwake na baba yake mzima, na shangazi anaona wazi kwamba hii ndiyo chati ya arobaini na moja, na kalamu iko mkononi mwake tena, na mkono ulionyooshwa safari hii ni wa mtoto wa yule yule. Nimepotewa, anasema. Umepotewa na nini? Na hesabu. Sikuhesabu. Kocha anainua macho, anamtazama kwa mzaha, Shangazi wewe, anasema, basi anza upya, nani ametufukuza, na anairudisha saa ya simu kwenye sufuri. Naye anabonyeza vidole pale pale, kwa nguvu kidogo, na safari hii ulimi hauna kitu, mkavu, mweupe, na chini ya vidole moyo unagonga bila mpangilio, pigo moja, la pili, halafu unangoja, halafu mawili kwa pamoja, kumbe ndivyo alivyokuwa akisikia kaka, kama mtu anayegonga mlango halafu anakimbia, kumi na moja, kumi na mbili, anahesabu kila moja, haruki hata moja, thelathini, thelathini na moja, na anajua kwamba dakika ikiisha atataja namba yoyote itakayokuwa, hata isipogawanyika kwa kitu, kisha atamwambia mtoto aifudikize simu mezani, na atasema baba yako alinipa mkono wake, sikuupokea, hamsini na nane, hamsini na tisa, na mtoto bado anatabasamu, bado hajui, sekunde ishirini zimebaki.

Kati ya waliohusika, walio hai ni watatu: shangazi, binti wa kaka yake, na wifi, ambaye bado hajaambiwa.