Kahawia Chini ya Taa Mpya

Kila asubuhi Shangazi alibonyeza swichi, kisha tukangoja taa ziamke. Hazikuwa taa za kuwaka mara moja. Tyubu kumi na sita zilizopangwa mbilimbili darini zilipepesa kama watoto wanaoamshwa kwenda shule. Moja ikashika, jirani yake ikakataa, na ile ya kwanza ikaona heri izime tena. Wakati zikibishana hivyo, Shangazi alivaa subana kidoleni na kusoma kazi za siku kwa sauti ya chini: "Koti la bluu, tundu la nondo. Suruali ya kijivu, panya kaonja mfuko." Alipofika mwisho, taa zilikuwa zimetulia, na mwanga wa kijanikijani umejaa chumbani kama maji kwenye beseni. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Siku hiyo alifika kwenye panya tu. Kitu kililia pa! juu ya vichwa vyetu, safu nzima ya upande wa dirisha ikazimika, na harufu ya plastiki iliyoungua ikashuka polepole.

"Nani kaunguza mboga?" akauliza Mama Vifungo.

Mama Vifungo alikaa na cherehani yake karibu na mlango, na kazi zake zilikuwa tatu: vifungo, zipu na maneno. Shangazi ndiye mwenye chumba, na ndiye mwenye ufundi wenyewe. Yeye alitililia. Aliziba tundu la nguo uzi kwa uzi, juu chini, juu chini, mpaka mwenye nguo asijue lilikuwa wapi. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nilimaliza chuo, nikasomea biashara, nikaja kumshikia mahesabu kwa muda. Muda huo ulikuwa umeingia mwaka wa pili, na hakuna aliyeuliza utaisha lini.

Fundi umeme alikuja na ngazi begani, akachungulia darini.

"Choki imekufa," alisema, akigusa kile kidude cha kuwashia tyubu. "Naweza kuweka nyingine, mama, lakini hizi tyubu zimekula chumvi nyingi. Leo hii, kesho ile. Weka LED, upumzike."

"Nipumzike, au wewe ule?" Shangazi akamjibu.

"Vyote viwili, mama. Mimi fundi, si malaika."

Nilicheka kidogo, kisha nikaona mikono yangu imeshikilia mkoba. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokaa humo wiki tatu.

Wiki tatu nyuma, saa sita mchana, nilirudi kutoka dukani nikamkuta Shangazi amesimama mlangoni, amekipa chumba mgongo, ameinua sindano kuelekea jua. Uzi ukapita kushoto kwa tundu. Ukapita kulia. Akaulamba, akaukaza kwa vidole, akajaribu tena. Huyu alikuwa mtu wa kutunga sindano huku akisimulia na kucheka, akiangalia kwingine kabisa. Mara ya sita uzi ukaingia, naye akageuza macho huku na huku kama aliyeiba. Nilijibanza nyuma ya nguo zilizoning'inizwa kwenye duka la jirani, kana kwamba mwizi ni mimi.

Ningemwambiaje? Mimi ambaye hata mteja akinong'ona naona haya kumwomba arudie. Na kumwambia mtililiaji kwamba macho yamechoka ni kumvua nguo mbele za watu. Kwa hiyo nilifanya nilichofundishwa chuoni. Niliandika hesabu.

Nilizitoa sasa. Tyubu kumi na sita, pamoja na choki zake, kwa saa kumi kila siku ya kazi, zilikula karibu uniti mia moja themanini na saba kwa mwezi. Taa za LED zingekula sabini na tano. Tofauti ilikuwa uniti mia na kumi na mbili. Kwa kuwa najua Shangazi hupima dunia kwa makoti, niligeuza kila kitu kuwa makoti: taa mpya na ufundi vingegharimu malipo ya makoti ishirini na mawili, na kila mwezi tungeokoa malipo ya makoti mawili. Miezi kumi na moja, gharama imerudi. Baada ya hapo ni faida tupu. Chini nilipiga mstari, nikaandika sentensi niliyoiona nzuri sana: *Kila mwezi fedha inapotelea kwenye vifaa vilivyochakaa.*

Shangazi aliisoma karatasi akiisogeza mbali na uso. Aliirudia ile sentensi ya mwisho, midomo ikicheza bila sauti.

"Msomi wetu," akasema. "Mwaka haufiki?"

"Haufiki, Shangazi."

"Na zile choki za zamani? Si zibaki tu humo juu?"

"Ukiziacha zitaendelea kunywa umeme," fundi akaingilia. "Kitu kimezeeka, hakiwashi chochote, lakini kinakunywa. Naziondoa zote."

Shangazi aliinua macho darini. Kisha akakunja karatasi mara nne na kuitia kwenye mfuko wa aproni. "Haya," akasema. "Ondoa."

Nje, kwenye ngazi za jengo, fundi alinionyesha aina mbili. Moja ilikuwa ya bei rahisi, ile niliyoihesabu. Nyingine ilikuwa ghali. "Hii inaonyesha rangi kama mchana," alisema. "Kwa kazi za nguo, mimi ningeweka hii." Nilipiga hesabu kichwani: makoti thelathini na manane, miezi kumi na tisa. Nilimjua Shangazi. Ukimwambia kitu kinachopita mwaka, anakuuliza kama umeongea na Mungu.

"Weka ya rahisi," nikasema.

Siku taa mpya zilipowashwa, hatukungoja. Swichi ililia ta, na chumba kizima kikawa cheupe mara moja, bila kupepesa, bila kubishana. Tulisimama katikati kama watu walioamkia nyumba ya wageni. Niliona vumbi juu ya makabati likiwa limelala kama sufi. Niliona kuta ambazo nilidhani ni za krimu, kumbe ni za waridi. Nyuzi zote mia mbili na zaidi zilizokaa rafuni, koni kwa koni, zilionekana zimevuta pumzi. Na kimya! Kumbe zile tyubu zilikuwa zikivuma miaka yote, na sisi tuliuchukulia mvumo ule kuwa ndio sauti ya ukimya.

"Nimejiona kwenye kioo," Mama Vifungo akasema, "nikasema shikamoo. Nilidhani mama mkwe kaja."

Shangazi aliketi kitini pake. Alichukua sindano, akachukua uzi. Nilijifanya napanga stakabadhi. Uzi ukaingia mara ya kwanza, palepale, bila kusimama, bila jua la mlangoni. Nilitazama stakabadhi ile kwa muda mrefu, maandishi yakiogelea.

Kazi ya kwanza chini ya taa hizo ilikuwa koti la kahawia la mwalimu mkuu. Alikuwa anastaafu Ijumaa, na pasi ilikuwa imelitoboa begani, tundu la ukubwa wa sarafu. Shangazi alipitisha kidole kwenye koni za kahawia, kumi na nne zilizopangana kutoka nyepesi hadi nzito yenye wekundu, akatoa moja, akafanya kazi siku mbili. Tulilitazama koti wote watatu. Bega lilikuwa zima. Mwalimu alilivaa, akatushukuru, akatoka barabarani.

Hakufika mbali. Alirudi akiwa amelishika koti mkononi, mpole kama kawaida yake.

"Bibi, samahani. Mwenye duka la vitabu kaniuliza kama nimejifuta na matofali."

Shangazi alilichukua, akatoka nalo hadi juani. Tulimfuata. Pale begani palikuwa na mraba mdogo mwekundumwekundu, umekaa juu ya kahawia kama stempu kwenye bahasha. Kila mpita njia angeuona. Shangazi alipapapasa, akapapapasa tena, kama anayefuta.

"Niachie mpaka Alhamisi, Mwalimu," alisema. "Sitachukua malipo."

Aliporudi ndani alivua subana, akaiweka mezani. Akatoa ile karatasi yangu kwenye mfuko wa aproni. Mikunjo yake ilikuwa imechakaa kwa kufunguliwa mara nyingi. Chini ya sentensi yangu nzuri kulikuwa na mstari wa chaki ya kukatia nguo.

"Ulisema kweli, mwanangu," akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali. "Miaka ishirini na sita sijawahi kukosea rangi. Macho yamekwisha. Mwisho wa mwezi nafunga. Kilichozeeka kinakunywa tu, kama fundi alivyosema."

Nilitaka kusema. "Nitaosha vikombe," nikasema.

Nilikaa kwenye sinki hadi maji yakawa ya moto, na sikuosha kitu. Mama Vifungo alinifuata, akafunga bomba.

"Wewe, usilie juu ya vyombo vya watu. Kwanza niambie, huyo dada yangu kakosea vipi? Mkono wake naujua. Anatafuta uzi unaolingana, halafu anauacha, anachukua wa kulia kwake. Kila siku. Nilimuuliza zamani, akasema, 'Humu ndani ulio sawa si ulio sawa.'"

Nilisimama kama niliyemwagiwa maji baridi.

Nilirudi chumbani, nikazichukua zile koni kumi na nne na kipande cha kitambaa kilichokatwa ndani ya koti, nikaketi kwenye kizingiti. Chini ya taa mpya koni ya nane ndiyo iliyolingana. Shangazi alikuwa ametumia ya tisa, iliyo kulia kwake. Nikazisogeza juani: iliyolingana kweli ilikuwa ya saba. Nikarudia. Nikarudia na bluu, nikarudia na kijivu. Zile tyubu za kijani zilikuwa zikidanganya upande mmoja, na kwa miaka ishirini na sita mkono wa Shangazi ulikuwa umejifunza kuusahihisha uongo wao bila hata yeye kuufikiria. Taa nilizochagua mimi, za kurudisha gharama kabla ya mwaka, zilidanganya upande mwingine. Macho yake yalikuwa hayajakosea kahawia. Mkono ulikuwa umejibu swali la zamani.

Nilimpigia fundi simu. Sauti yangu ilitetemeka, akadhani kuna moto.

"Nilikwambia," alisema. "Rahisi huvunja upishi. Sawa, hizo nitazichukua, kuna ghala linazihitaji. Nakuletea moja ya zile nyingine uijaribu."

Aliifunga Jumatano, juu ya kiti cha Shangazi peke yake. Ilikuwa nyeupe pia, lakini nyeupe ya namna nyingine, kama dirisha limefunguliwa darini na asubuhi ikaingia. Nilimpa Shangazi kitambaa na zile koni.

"Chagua kwa macho, Shangazi," nikasema. "Mkono usiende kulia. Uzuie."

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana. Naomba tu."

Aligusa ya saba. Mkono ukaondoka wenyewe kuelekea ya nane, ukasita hewani, ukarudi. Aliichukua ya saba, akaenda nayo mlangoni pamoja na kitambaa. Alisimama juani muda mrefu, na mimi nikamsimulia yote nikiwa nimesimama nyuma yake: tyubu, taa za rahisi, mkono wake, na kwamba fundi alinishauri vizuri nikakataa kwa sababu nilitaka karatasi ipendeze.

Alirudi, akaketi. Hakuvaa subana.

"Na hizi za kweli ni miezi mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa." Alicheka kidogo, bila furaha. "Leo ni rangi, kesho itakuwa tundu la sindano. Wewe ni mtoto wa hesabu, mwanangu. Hesabu zako zilisema kweli tangu mwanzo, mimi ndiye sikutaka kuzisikia. Mtu anayefunga mwisho wa mwezi anunue taa ya miezi kumi na tisa? Hiyo si kutwanga maji kwenye kinu?"

Nilikuwa na majibu tayari. Nilikuwa nimeyaandika usiku mzima kichwani: umri wa taa, bei ya umeme itakavyopanda, thamani ya chumba. Nikayatazama yamepanga foleni, masafi, yamechana nywele, na hakuna hata moja lililokuwa langu. Nikaichukua karatasi pale mezani, nikaigeuza uso chini. Mama Vifungo alisimamisha cherehani.

"Shangazi, sikuwa na shida na umeme," nikasema. Sauti ilitoka ndogo sana, nikailazimisha iendelee. "Nilikuona. Ile siku mlangoni, na sindano, mara sita. Niliona haya kukwambia, nikaandika makoti na uniti. Sikuwa nakusema wewe kwenye ile sentensi. Kamwe. Nilitaka utunge uzi ukiwa umekaa kwenye kiti chako, basi, hiyo tu ndiyo ilikuwa faida. Usifunge. Nataka ubaki hapa na mimi nibaki hapa. Hata kama taa hizi zingekula umeme mara mbili ya zile za zamani, bado ningekuja kukuomba uziweke."

Shangazi alichukua subana mezani, akaivaa kidoleni, akalivuta koti la Mwalimu na kutunga uzi wa koni ya saba.