Ng'ambo ya Mto Uliohama

Kitongoji chenyewe ukisinzia garini kidogo tu, umeshakipita. Nyumba chache, mabanda ya mbuzi, na kilima kimoja ambacho hakijaamua kama ni kilima au kichuguu. Lakini kuelekezwa njia humo, jamani, utalia! Wenyeji huelekeza kwa vitu ambavyo havipo. "Shika njia ya kisimani," na kisima kilifukiwa wazazi wao hawajaoana. "Kata kona kwenye kinu," na kinu kiliungua, hata jivu lake halipo. Mto nao ulihama masika moja, ukaenda zake nyuma ya kilima na kuacha kivuko kimejaa nyasi. Hadi leo watu huvukia pale pale, na wakifika katikati hupandisha nguo kidogo wasilowe.

Fundi cherehani alipoolewa huko alipotea kila siku, mumewe akicheka mpaka kushika mbavu. Mama mkwe ndiye aliyemshika mkono akamzungusha: hapa palikuwa na hiki, pale palikuwa na kile. Taratibu naye akaanza kuviona. Asubuhi za ukungu, akishona dirishani juu ya kivuko, alisikia maji yakipita kwenye nyasi kavu, na harufu ya unga mbichi ikitoka kwenye kinu kisichokuwepo. Hakumwambia mtu. Alipenda tu kukaa hapo, mguu kwenye pedeli, akisikiliza.

Kisha homa ikamchukua mumewe. Kaka yake fundi akampigia simu kutoka mjini: njoo, chumba kipo, wateja wapo. Fundi alimweleza mama mkwe walipokuwa wakichambua maharage. Alitaka neno moja tu, "usiende", na angebaki. Mama mkwe alipuliza maganda, akasema, "Sawa."

Sawa! Neno hilo alishinda nalo cherehanini wiki nzima. Kumbe siku zote hizo yeye alikuwa mgeni tu, na aliyemleta akishaondoka, naye afungashe virago.

Siku ya safari ukungu ulishuka mpaka kizingitini. Fundi alikuwa akiifunga cherehani kwa shuka aliposikia gari likisimama chini kivukoni. Dereva aliyetumwa na kaka yake alikuwa amemkuta mama mkwe na kuni zake.

"Shikamoo, mama. Kwa fundi cherehani ni wapi?"

"Marahaba. Vuka mto."

"Mto gani, mama?"

"Si huo uliosimama ndani yake! Ukivuka, panda kidogo. Mlango wa kwanza ndipo palipokuwa na fundi cherehani."

"Palipokuwa? Mimi nimeagizwa nimchukue leo."

"Umechelewa, baba. Ameshaondoka."

"Saa ngapi?"

"Leo mchana."

Dereva alitazama juu, akaona jua bado halijatoka vizuri. Kule dirishani, fundi aliiacha shuka ikateleza mkononi. Alikuwa amekaa na watu hawa vya kutosha kujua kwamba kitu wasichokipenda hawakielekezei mtu njia. Moyo ulimpasuka, kwa uchungu na kwa furaha, hakujua kipi kilitangulia. Akatoka mbio, peku, nyuzi zimemganda kwenye gauni.

"Mama! Mbona unanizika mzima? Mimi bado nipo!"

Mama mkwe hakugeuka. Alikuwa akizipanga upya kuni zilizokwisha kupangwa.

"Najua upo," alisema. "Najizoesha tu."

"Ungeniambia nisiende!"

"Ningeanzia wapi? Mwanangu hayupo. Nikuzuie kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, mama."

Mama mkwe aliketi kwenye nyasi na kulia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata msibani. Fundi aliketi kando yake, akamwegemea bega.

Dereva alisubiri, akakohoa, akasubiri tena. Mwishowe akauliza kwa adabu mizigo iko wapi ili aipakie.

"Hakuna mizigo," mama mkwe alidakia harakaharaka, kabla mtu yeyote hajabadili mawazo.