Kinga ya Kushoto

Baba wa binti mmoja, seremala aliyependa karate, hakuwa na muda wa kwenda ukumbi wa karate, basi akaigeuza nyumba kuwa ukumbi. Mswaki ulipigwa kwa kusimamia mguu mmoja. Vyombo vilioshwa magoti yamekunjwa, na mlango wa kabati ulifungwa kwa kisigino, bila kelele. Mama alilalamika, "Jamani, mimi niliolewa au niliandikishwa jeshi?" Na baba na binti walikuwa na mchezo wao: saa yoyote, hata katikati ya kupeana chumvi, mkono wa kulia wa baba ungeweza kumjia binti usoni. Akiukinga, baba hucheka, "Umeiva!" Akichelewa, anafinywa pua. Samaki mkunje angali mbichi, na binti alikunjwa akakunjika.

Binti alikuwa fundi cherehani wa miaka thelathini baba alipopigwa na kiharusi. Mkono ule ule ukalala pajani, mdomo ukaenda upande, maneno yakakauka. Mtaalamu wa viungo alisema mkono ukiinuka hata mara moja, tumaini lipo. Miezi minne binti aliuchua kwa mafuta kila asubuhi akiubembeleza, "Baba, nipige basi. Nifinye hata pua." Hakutaka kitu kingine duniani.

Asubuhi moja alikuwa akimnywesha chai kwa kijiko. Machozi yalimtoka bila yeye kujua; siku hizo kulia kulikuwa kama kupumua. Ghafla kitu kikamjia usoni. Mkono wake wa kushoto ukaruka wenyewe, ukakinga, pa! Mazoea yana taabu.

Ulikuwa mkono wa baba. Uliinuka kutoka pajani hadi karibu kabisa na shavu, vidole vimefunguka. Sasa ulining'inia kando ya kiti.

"Alitaka kukufuta machozi, mwanangu," mama alisema mlangoni, taratibu.

Binti akapiga magoti. "Baba, nisamehe. Rudia. Naapa sikingi." Akaficha mikono mgongoni, akautoa uso mbele, akangoja mpaka chai ikapoa. Baba alimtazama sana. Nusu ya mdomo wake ikahangaika, ikatoa neno lake la kwanza tangu augue.

"Umeiva."

Siku kumi na moja alizobakiza baba duniani, binti alimlisha akiwa ameukalia mkono wake wa kushoto. Ule wa baba haukuinuka tena.