Kitana na Mji wa Kondoa

Nalala mchana wa kiangazi, nyumbani kwangu Kondoa, na kabla kope hazijagusana vizuri nimeshavuka kizingiti cha chumba nisichokuwa nacho. Barabara inajikunja na kurudi ilikotoka, na kando yake Kondoa nzima imo ndani ya vioo: msikiti, soko, shule ninakofundisha fizikia. Bibi asiye na uso ananinyunyizia marashi viganjani, kama mgeni wa heshima. Shikamoo, namwambia. Marahaba, mwalimu. Kitendawili! Tega, najibu kwa mazoea, nikisahau kuuliza masharti. Kwetu anayeshindwa hutoa mji kwa maneno tu. Huku hutoa kweli. Wawili walikumbatiana, anasema. Walipoachana, mmoja kaondoka na mali ya mwenziwe, na duniani hakikuongezeka kitu. Ukishindwa, Kondoa yangu. Na nikitegua? Mji wangu wako.

Sufu na plastiki, nasema. Vikisuguana, elektroni huhama kutoka kwenye sufu kwenda kwenye plastiki. Sufu hubaki na chaji chanya, plastiki hupata hasi. Msuguano hauumbi chaji, huihamisha tu. Maneno hayo, anasema bibi, nionyeshe. Anatoa kitana cha plastiki, kipande cha blanketi la sufu na vijikaratasi. Nasugua kitana, nakisogeza. Karatasi hazitikisiki. Wanawake wasio na nyuso wanatoka kwenye vioo wakinizomea: Kasoma mpaka kamaliza, karatasi hazijapata habari! Ndani ya kioo, soko la Kondoa linaanza kufifia, wachuuzi wakiwa bado wananadi vitunguu. Natazama mikono yangu. Imelowa marashi, na kitana kimelowa, na sufu imelowa. Chaji inatorokea kwenye unyevu kabla haijakusanyika. Bibi, namwambia, ukarimu wako ndio unaoniponza. Anacheka, mdomo hana, na kunionyesha jua lililo chini ya miguu yetu. Nakausha kila kitu hapo, nasugua tena. Karatasi zinaruka na kung'ang'ania kitana, vigelegele vinalipuka, soko linarudi na kelele zake zote. Haya, mwalimu, mji wangu huo, anasema bibi, na usiniulize utauweka wapi.

Naamka, au nadhani naamka, nafungua dirisha. Kondoa ipo, naikagua mtaa kwa mtaa, haijapungua. Nyuma yake, penye uwanda mtupu, pana mji wa pili, mabati yanang'aa, na mtu juu ya paa ananiuliza kwa sauti kubwa: Mwenye mji, mkutano wa wakazi leo au kesho? Leo, namjibu, nikitafuta viatu, wala sijui bado nimefungulia dirisha upande gani wa kioo.