Tundu Katika Chumba cha Maua

Uongo mwingine unauma kuliko tusi. Mwaka wa hamsini na saba, memsahibu alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, mikono kiunoni, akamwambia Ngina, "Hiki tangu zamani ni chumba cha maua. Piga sakafu nta mpaka ing'ae. Gavana anafika jioni."

Chumba cha maua! Ngina alikuwa mtumishi wa jumba lile la wakubwa wa serikali, nje ya Ruiru, tangu usichana wake. Alikijua chumba kile kikiwa cha maziwa. Wakati wa vita vya Hitila kikajazwa magunia ya kahawa. Baadaye watoto wa bwana mmoja wakalala humo, yeye akiwabembeleza. Ilipokuja Hali ya Hatari, vitanda vya watoto vikatolewa, kufuli ikatiwa, na humo akafungiwa Muigai, mumewe, aliyekamatwa njia ya Thika kwa kukosa pasi ya kupita. Ngina alimwona akiingizwa humo; tangu hapo hakumwona tena. Kila alipouliza aliambiwa hakuna mtu wa jina hilo aliyewahi kuletwa hapa. Hakuwa mke, hakuwa mjane.

Alipiga magoti akasugua kwa hasira. Opiyo, mpishi, akaingia na ndoo ya maua. Aliitazama ile sakafu, akaiweka ndoo chini.

"Ngina, nimechoka kunyamaza. Muigai alikufia hapa ndani. Mimi na dereva ndio tulimbeba mpaka kwa lori. Wakubwa walisema tukifungua mdomo, tutamfuata."

"Mlimtoa na wapi?"

"Na huu mlango."

"Mlango!" Ngina akasimama. "Kama kiti kilichovunjika!"

Kwao Ngina, mtu akifia ndani ya nyumba, ukuta wa nyuma hutobolewa, maiti ikatolewa hapo, na nyumba ikahamwa. Hakuna anayelala humo tena, wala anayepanga maua. Muigai hakupewa hata tundu.

Alikwenda bandani akachukua shoka. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa mbao. Alipiga, akapiga tena, vipande vikaruka, mpaka mwanga wa nje ukaingia.

Memsahibu alikuja mbio. "Una wazimu wewe?"

"Mume wangu anatoka," Ngina alisema, akaendelea kupiga mpaka likawa tundu la kupita mtu.

Vibarua wakaja kutoka shamba la kahawa. Walipoliona lile tundu hawakuhitaji kuelezwa. Kagwe, mtunza bustani, alivua kofia, na wengine wakavua. Memsahibu aliwafokea waingie wazibe haraka. Hata mmoja hakusogea.

"Humo amekufa mtu," Kagwe alimjibu. "Hatuingii."

Memsahibu akaita askari wawili, wakamfunga Ngina pingu. Gari lao lilikuwa nyuma ya nyumba, basi wakamsukuma kuelekea lile tundu ili wafupishe njia. Akakaza miguu kwenye ile sakafu aliyoing'arisha mwenyewe.

"Hapo ni pa Muigai," alisema. "Mimi nipitisheni mlangoni. Mimi bado niko hai."